Gadi la mjomba, na neno la Waingereza lililokufa

Najua nimepotea. Majaribio ya katikati ya muhula yalinikaba koo, boom nalo likachelewa, mtu unaandikaje wakati tumbo linanguruma? Lakini leo nimerudi, tena nimerudi na hasira kidogo. Siyo hasira ya boom, hiyo nimeshaizoea. Ni hasira ya neno moja.

Ilianza kwenye kipindi cha historia ya Kiingereza. Lekchara akaandika ubaoni "underset". Akasema hilo ni neno la Kiingereza cha kati, kile kilichosemwa kati ya mwaka 1100 na 1500 hivi, na siku zile walilitamka kama "undersetten". Maana yake ni kuweka kitu chini ya kingine ili kisianguke. Ukuta umeinama, unauwekea gogo. Paa limelegea, unalipa mti. Lilikuwa neno lao wenyewe kabisa, "chini" na "weka" zimeunganishwa, hata mtoto angeelewa. Lakini Wanormani walikuwa wameitwaa Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikakaa kwenye mahakama na kwa wakubwa, na taratibu maneno ya Kifaransa yakaanza kuingia jikoni na sebuleni kwa Waingereza. Miongoni mwake likaja "support", lenye asili ya Kilatini. Leo ukimwambia Mwingereza wa mtaani "underset" kwa maana ile atakukodolea macho.

Sisi darasani tukaandika. Jirani yangu akaninong'oneza, "Hili linatoka kwenye test?" Nikamwambia lazima litoke. Basi akalipigia mstari mara mbili.

Ndipo nikajiuliza swali ambalo halijaniacha mpaka leo. Hapa tumekaa watoto wa Kitanzania tunakariri neno la Waingereza la kuzuia kitu kisianguke, neno ambalo wao wenyewe walishalitupa, na tutapewa maksi kwa kulijua. Na lile la kwetu? Lile ambalo mjomba wangu kule Salale bado analitumia, nani anatoa maksi?

Neno lenyewe ni GADI.

Najua wengi wenu mmefikiria bodigadi. Au gadi wa treni. Hapana, hilo ni gadi jingine, limetoka kwa Waingereza na maana yake ni mlinzi. Na magadi ya kutia kwenye maharage yaive upesi nayo ni habari nyingine kabisa. Gadi ninalosema ni mti unaoegemezwa ubavuni mwa chombo cha bahari kinapokuwa nchi kavu, ili kisilale upande. Gadi moja, magadi mengi. Na kitendo chake ni kugadimu. Sikulitunga mimi. Limo kwenye kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya Johnson iliyochapwa mwaka 1939, ile iliyojengwa juu ya kazi ya Madan ya mwaka 1903.

Kwa wale wa bara niwaeleze kidogo, maana bila kuona chombo hamtanielewa. Delta ya Rufiji ni matope, mito midogo na mikoko. Zaidi ya hekta 50,000 za mikoko. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila safari saa sita hivi. Sasa mtumbwi ukipwelewa hauna shida, unakaa chini kama sahani. Lakini mashua au jahazi lina mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa unaobeba chombo kizima. Maji yakiondoka, chombo kinasimama juu ya mkuku kama mtu aliyesimama juu ya ukuta mwembamba. Kitaanguka tu, kushoto au kulia. Na kikianguka kwa uzito wake wote, mbao zinafunguka, kalafati inatoka, na wewe umeingia kwenye hasara.

Kwa hiyo wanasubiri bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji yamejaa sana, wanakipandisha chombo juu kadiri inavyowezekana, na maji yanapoanza kurudi wanatia magadi. Huku miti, kule miti. Chombo kinabaki wima. Hapo ndipo kazi inaanza: kukwangua, kutia moto tumboni kuua wadudu wanaotoboa mbao, kuziba nyufa kwa pamba, kupaka deheni. Maji yakirudi, chombo kinaanza kutikisika, kinajinyanyua, na magadi yanatolewa. Chombo kinakwenda zake.

Mjomba ana sheria zake kuhusu magadi na hapendi mtu azivunje. Mguu wa gadi usikae juu ya tope tupu, uwekee kipande cha ubao, la sivyo tope litaumeza na gadi litakuwa kazi bure. Kichwa cha gadi kisisukume ubao mmoja, kitafute pale penye taruma ndani, kwenye ubavu wa chombo, maana ubao peke yake utapasuka. Gadi lisibane sana, chombo kikae kama kimeambiwa tu "usiogope, nipo." (Haya ya usiogope ni maneno yangu, mjomba haongei hivyo, yeye anasema "Acha ujinga, legeza.") Na la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya niandike leo: maji yakishaanza kukinyanyua chombo, toa gadi. Usingoje. Chombo kinachoelea kikiwa kimefungwa na magadi kitapigana nayo, na magadi yale yale yaliyokisaidia yatakitoboa.

Likizo iliyopita nilikuwa huko. Mdogo wangu wa miaka 12 alikuja pia, yeye amekulia Kibiti mjini, karibu na barabara kuu ya kwenda Lindi, bahari anaijua kwa kuikisia. Maji yanatoka, mjomba kashika ubavu wa mashua, anapiga kelele, "Kimbia lete magadi!" Dogo akakimbia kweli. Sisi tunangoja. Maji yanazidi kuondoka, mashua inaanza kuinama upande wa kwangu. Mjomba anauliza, "Yuko wapi huyu?" Akarudi anahema, mkononi ana kifuko cha magadi ya mia tano ametoka nacho dukani.

Nilicheka baadaye. Wakati ule sikucheka, wadau. Niliweka bega. Mjomba akaweka bega, mtu wa miaka sitini na kitu. Tulisimama pale kwenye tope mpaka magotini, mashua imetulalia, mpaka jirani mmoja akaja mbio na boriti mbili. Ubao mmoja ulikuwa umeshalia, ule mlio unaujua ukiusikia. Mjomba hakumgombeza dogo hata kidogo. Alisema tu, "Mjomba, kosa siyo la huyu. Nani kamwambia?" Kwetu mjomba na mpwa wote huitana mjomba, kwa hiyo sijui hadi leo kama alikuwa ananiuliza mimi au anajiuliza mwenyewe.

Haya, kwa nini neno linapotea? Wapo watakaosema ni kwa sababu limegongana na gadi mlinzi na magadi ya maharage. Mimi sikubali. Waingereza wenyewe wana "shore" ya ufukwe na "shore" ya mti wa kuegemeza meli, maneno mawili tofauti yaliyofanana sura, na yote yanaishi. Sisi wenyewe tuna paa la nyumba na paa wa porini na hakuna aliyewahi kumwezeka mnyama. Neno halifi kwa kufanana na jingine. Neno linakufa pale kazi yake inapopungua, na pale wanaolijua wanapoonekana hawana cha kumfundisha mtu.

Kazi imepungua kweli. Boti za faiba zimekuja, nyepesi, matumbo mapana, zinavutwa na vijana sita mchangani na zinakaa. Majahazi yamepungua. Zamani delta ile ilikuwa gati la dunia, siyo utani. Vyombo vya Kiarabu vilikuja na kaskazi na kuondoka na kusi, vimepakia boriti za mkoko, msinzi na mkandaa, zinahesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. (Korija nalo, mnalijua? Haya, tuliache, nitalia.) Mwaka 1939 mwandishi mmoja wa Australia, Alan Villiers, alifika delta ya Rufiji ndani ya jahazi la Kuwait kuchukua boriti, na akaiandika safari hiyo kwenye kitabu chake cha mwaka 1940. Boriti za kwetu zilishikilia dari za Kuwait. Huko wanaziita chandal. Vyumba vya nyumba zao za zamani vilikuwa vyembamba kwa sababu upana wa chumba ni urefu wa boriti, na boriti ya mkoko ina kikomo chake. Nenda Lamu utaona hesabu ile ile. Mti wa Rufiji ndio uliokuwa unaamua sebule ya tajiri itakuwa na upana gani. Kila nikikumbuka hilo navimba kichwa.

Hata Wajerumani walijua thamani ya mahali pale. Na mwaka 1914 manowari yao, Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar tarehe 20 Septemba, ilikwenda kujificha wapi? Delta, na Waingereza walipoitafuta waliikuta Salale. Mwishowe iliangamizwa hukohuko Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Meli ya tani zaidi ya 3,000 ndani ya mito yetu yenye kupwa na kujaa! Babu zetu wangeweza kuwashauri kuhusu magadi lakini sidhani kama waliulizwa.

Turudi kwenye hoja. Mimi sisomei ubaharia, nasomea ualimu. Kwa hiyo kilio changu siyo "tulihifadhi neno zuri la kale tuliweke makumbusho." Kilio changu ni kwamba tunalihitaji, na tunalihitaji sisi, watu wa elimu.

Wale wa kitivo chetu mnajua kuna kitu kinaitwa "scaffolding". Hakuna test ya saikolojia ya elimu inayopita bila hicho kitu. Tunamtaja Vygotsky, wakati Vygotsky alifariki mwaka 1934 na neno hilo siyo lake. Limeletwa na Wood, Bruner na Ross mwaka 1976. Waliwachukua watoto 30, wa miaka mitatu, minne na mitano, wakawapa vipande 21 vya mbao wajenge piramidi, na mwalimu mmoja anasaidia. Walichoangalia ni namna msaada unavyotolewa: unampa mtoto pale tu anaposhindwa, unampunguzia kadiri anavyoweza, mwisho unaondoka. Ukimfanyia, hajajifunza. Ukimwacha mapema, ameanguka.

Sasa hebu niambieni, hiyo siyo kugadimu?

Lekchara wetu mmoja, mtu mzuri, anapotaka kutufafanulia kwa Kiswahili anasema "jukwaa". Scaffolding ni jukwaa la mafundi, basi na darasani ni jukwaa. Mimi jukwaa likitajwa naona mgombea na spika mbili zinapiga kelele. Jukwaa la fundi anapanda fundi! Nyumba haipandi. Kwa hiyo kwa picha hiyo anayesaidiwa ni mwalimu, mtoto ni ukuta tu unaopakwa rangi. Sijui kama wenzangu mnaliona hilo.

Na Kiswahili siyo maskini hapa. Ukitazama, lugha imegawa hii kazi ya kushikilia kwa makini sana. Nguzo ni ya kudumu. Ukiing'oa, nyumba imekwisha. Mhimili nao ni wa kudumu, na huo angalau umepata ajira serikalini, mihimili mitatu ya dola, Bunge, Mahakama na Serikali, kwa hiyo hautakufa leo wala kesho. Mkongojo unaushika ukishazeeka na hutauacha mpaka unaingia kaburini. Lakini gadi ni la muda. Tena ni la muda kwa kitu chenye nguvu zake! Chombo hakina ugonjwa. Chombo kinajua kuelea, kimeundwa kuelea, ila kwa saa hizi chache maji hayapo. Mtoto wa shule ni huyohuyo. Hahitaji mkongojo, hajazeeka. Hahitaji nguzo, siyo nyumba. Anahitaji gadi mpaka maji yajae.

Nilimpa rafiki yangu mmoja wa chumbani hoja hii, yeye ni wa Mbeya, bahari ameiona mwaka wa kwanza alipokuja chuo. Akanikatisha, "Sasa kwa nini siyo mirunda?" Nikanyamaza. Mirunda, ile miti mafundi wanayoisimamisha chini ya zege la ghorofa mpaka likauke, halafu wanaiondoa. Neno linajulikana nchi nzima, halihitaji kamusi ya mwaka 1939, halihitaji mjomba wa Salale. Lo, aliniweza. Wiki nzima nilikuwa natembea na mirunda kichwani.

Jibu langu ni hili, na mnaweza kunipinga. Mirunda inaondolewa, kweli, lakini zege linabaki palepale, limekauka, limekuwa gumu. Mafanikio yake ni kutosogea tena maisha. Kama ndiyo elimu tunayoitaka, basi mirunda ni neno sahihi, na kuna shule nilizosoma zilikuwa za mirunda tupu. Lakini chombo kikitolewa magadi kinaondoka. Kinakwenda Mafia, kinakwenda Kilwa, aliyekigadimu anabaki ufukweni anakitazama. Hata hivyo nakiri: kati ya jukwaa na mirunda, nachukua mirunda bila kufikiri. Ila gadi ni bora kuliko yote.

Na hapa nitoe siri yangu, maana isije ikaonekana nacheza na maneno tu. TP iliyopita nilipangiwa shule moja ya kata, nikafundisha historia kidato cha pili. Mnajua hali. Mtoto amesoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili, anaingia sekondari, ghafla bin vuu karibu kila kitu Kiingereza. Maji yametoka chini yake. Hajawa mjinga, ni maji tu yameondoka. Kulikuwa na binti mmoja nyuma darasani, akiulizwa kwa Kiswahili kuhusu vita vya Majimaji anakueleza mpaka unatamani kukaa chini, ngome ya maneno. Akiambiwa aandike, karatasi nyeupe. Wiki mbili karatasi nyeupe.

Nikaanza kumpa vianzio vya sentensi. Namwandikia maneno manne ya Kiingereza, yeye anamalizia. Ikafanya kazi! Akaanza kujaza karatasi, nikafurahi, nikamwambia mpaka mwalimu msimamizi. Wiki ya nne vianzio, wiki ya tano vianzio, wiki ya sita vianzio. Sikugundua kwamba alikuwa tayari anaelea. Kuna siku aliandika sentensi yake mwenyewe pembeni, ina makosa lakini yake, mimi nikaifuta nikamwekea kianzio changu kizuri. Nilikuwa naona nasaidia.

Likaja jaribio la mwisho. Halina vianzio. Karatasi nyeupe tena. Alipokusanya aliniambia kwa sauti ndogo, "Samahani mwalimu, sikujua niyaanze vipi." Yeye ndiye aliyeniomba samahani.

Mimi nilipata A ya TP. Msimamizi aliandika kwamba natumia "scaffolding" vizuri.

Nilikuwa najua nadharia yote, miaka, majina, watoto 30, vipande 21. Nisichokuwa nacho ni picha ya kitu kinachogonga ubavu kwa sababu hukukitoa kwa wakati. Ile picha nilikuwa nayo tangu utoto, nimeiona kwa macho Salale, ila hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba ni elimu. Laiti siku ile ya kwanza darasani lekchara angesema "leo tunajifunza kugadimu", nadhani nisingemfutia yule binti ile sentensi. Nadhani. Siwezi kuapa.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaotunga istilahi, BAKITA na wataalamu wetu wa Kiswahili vyuoni: kabla ya kukimbilia kutafsiri picha ya mwenzako, nendeni mkaulize ufukweni kwanza. Neno lipo, lina kitenzi chake tayari, kugadimu, ukitaka unasema mwalimu anamgadimu mwanafunzi, mwanafunzi anagadimiwa, ugadimu ndiyo nadharia yenyewe. Halidai lolote isipokuwa kufafanuliwa mara moja. Na msiniambie watu wa bara hawatalielewa. Mimi mtu wa delta nimekariri barafu ya Siberia na ngano ya Kanada kwenye jiografia na nikafaulu. Mtu wa Mbeya atashindwa na mti ubavuni mwa mashua?

Na kwa lekchara wa historia ya Kiingereza, kama unasoma hapa, sina ugomvi na wewe. Kipindi chako nakipenda, ndicho kilichonifumbua macho. Kwenye test uliuliza kweli maana ya "underset", maksi mbili, nimezipata zote mbili. Chini yake niliandika kwa penseli "Kiswahili: gadimu". Karatasi iliporudi ulikuwa umeweka alama ya kuuliza pembeni. Nitakuja ofisini nikueleze, nikishapata ujasiri.

Jana usiku nilimpigia mjomba kumwambia neno lake nimeliandikia makala. Akauliza, "Gadi lipi, mjomba? Yale yaliyochukuliwa na maji?" Kumbe yale aliyokuwa nayo yote yamekwenda na bamvua lililopita, anakata mengine. Ameniambia niende na mdogo wangu mwezi mpevu tukamsaidie, na dogo safari hii amemwita yeye mwenyewe kwa jina, ashike gadi la upande wa bahari. Nauli ya basi mpaka Kibiti ninayo, ya kutoka hapo kwenda mtoni bado natafuta, kwa hiyo yule mwenye deni langu la elfu tano anajijua.

Wale wa Kilwa, Mafia, Pangani, Tanga, na ninyi mnaosoma mkiwa Mombasa na Lamu: kwenu mti huu mnauitaje? Bado mnasema gadi, au mmeshahamia kwenye neno lingine? Niandikieni. Haya, saa nane nina kipindi cha upimaji na leo anaita majina, nakimbia.